Pale Mama Solo alipokosa pumzi kwa sababu yangu

Jumapili moja mwaka juzi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, kwa sababu nilishapanga kuchomoka kabla ya matangazo, si unajua matangazo ya kwetu yalivyo. Kwaya ikasimama kuimba wimbo niliourekodi mimi kwenye kachumba kangu huku Nkuhungu. Wimbo ulishatembea huo, upo kwenye flashi, upo kwenye simu za watu, hadi kijiwe cha boda pale kona walikuwa wanaupiga asubuhi. Sasa wazee wa kanisa lile hawataki kabisa habari za pleibeki, wanasema Mungu haimbiwi na spika, kwa hiyo kwaya inaimba laivu na kinanda, na anayeongoza ni mama mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Solo kwa sababu tangu tukiwa wadogo solo zote ni zake.

Wimbo ni wa mvua. Hapa Dodoma ukiimba habari za mvua hukosi wasikilizaji. Kuna mstari unasema "nilingoja mvua ipige bati langu", afu unafuata "ikapita kwa jirani, nikasema asante". Kwenye rekodi ile "langu" inavutwa mpaka inaingia moja kwa moja kwenye "ikapita", haina pengo, inateleza kama mtu anashuka mteremko na baiskeli, na watu waliipenda sana hapo, kuna dada aliniambia akifika hapo anasisimka mwili.

Basi Mama Solo akafika hapo. Akaivuta "langu" vilevile kama kwenye rekodi, akaivuta, akaivuta, akasema "ika", na sauti ikaishia hapo. Mdomo uko wazi, hakuna kitu kinatoka. Kinanda kinaendelea, mkono wake umeshika kifua, na mwalimu wa kwaya kwa akili ya haraka akawapa ishara wote wakadaka kiitikio kabla ya zamu yake. Wengi walidhani kazidiwa na hisia, kuna mama akapiga na vigelegele. Mi nilijua sio hisia. Sikuondoka tena mapema.

Nje ya kanisa nikamfuata nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, akaniangalia bila hasira yoyote, akauliza, "Mwanangu, hivi mle ndani mi napumulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda nyumbani nikafungua projekti na kumbe kweli, hapumui. Nimemrekodi mtu ambaye hapumui.

Kwa wale ambao hamjawahi kukaa studio niwaeleze kidogo, maana wengi wanadhani msanii anaingia, anaimba mara moja, anatoka, wimbo umeisha. Wapo wa hivo ila wachache. Kawaida mtu anaimba wimbo wote mwanzo mwisho, hiyo ni teki ya kwanza, anakunywa maji, anaimba tena, teki ya pili, hivohivo mpaka teki tano sita, afu akishaondoka prodyuza anabaki na zile teki anaanza kuchagua, mstari huu wa teki ya 2, ule wa teki ya 5, mwingine nusu ya huku nusu ya kule, wakati mwingine silabi moja tu, anaziunga zinakuwa sauti moja iliyonyooka. Sisi tunasema kukompu. Ni kazi ya ushonaji kabisa, kama yule fundi wa soko la Majengo anayekuletea suruali ya mtumba imepunguzwa kiuno na ukiigeuza ndani tu ndo unaona nyuzi.

Na sio mambo ya kompyuta haya, watu wameanza zamani. Wakati wa tepu walikuwa wanakata kwa wembe. Tepu inazunguka inchi 15 kwa sekunde, yaani sekunde moja ya wimbo ni sentimita 38 za utepe, unauona kwa macho, unautafuta mahali pa kukata kwa kuuzungusha kwa mkono taratibu mbele ya kichwa cha mashine mpaka usikie mwanzo wa neno, unaweka alama kwa penseli, unakata, unaunga na vipande vingine kwa utepe mwembamba wenye gundi. Na kitu ambacho mi nilikipenda nilipokijua, walikuwa hawakati wima, wanakata mshazari, nyuzi 45 hivi. Ukipiga hesabu kwa utepe wa robo inchi unakuta ule mshazari unafanya sauti ya zamani iishe na mpya iingie taratibu kwa kama milisekunde 17. Ndo krosifedi ileile tunayovuta leo na mausi! Wale watu walikuwa wanaifanya kwa wembe wa kunyolea ndevu.

The Beatles mwaka 1966 walifanya kituko kikubwa zaidi. Walikuwa na rekodi mbili za wimbo mmoja, Strawberry Fields Forever, teki ya 7 na teki ya 26, spidi tofauti, kii tofauti, yaani ngazi ya noti wimbo unapoimbiwa, ala tofauti, John Lennon akasema anapenda mwanzo wa hii na mwisho wa ile, waungeni. Kirahisi hivo, kama mteja wa chipsi anavyosema weka mayai. Prodyuza wao George Martin na injinia Geoff Emerick wakagundua kwamba wakiongeza spidi ya moja na kupunguza ya nyingine, kii zinakutana, wakakata, na kiungo kipo pale dakika ya kwanza inapoisha. Ukiambiwa unakisikia, usipoambiwa unapita nacho. Mi nilipita nacho miaka.

Na mwaka huohuo mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, jamaa ambaye aliacha kabisa kupiga mbele za watu mwaka 1964 akasema studio inamtosha, aliandika makala kwenye jarida la High Fidelity akaeleza habari ya fyuga moja ya Bach, yaani muziki ambao sauti zinaingia moja baada ya nyingine kwa tuni ileile. Alikuwa na teki mbili zimetoka bila kosa, ya 6 na ya 8, wote wakafurahi wakaenda zao. Wiki kadhaa baadaye wanasikiliza, wanagundua zote zinachosha, moja imepoa na kujikaza mno, nyingine imechangamka mno. Spidi karibu sawa. Basi wakachukua ile iliyojikaza wakaiweka mwanzo na mwisho, iliyochangamka ikakaa katikati, na hapo ndo wimbo ukapumua. Kwa nini nasimulia hii, ni kwa sababu hakuwa anaficha kosa. Teki zote mbili zilikuwa safi. Alikuwa anatafuta wimbo ambao hakuna hata mara moja aliyoupiga mzima, na hilo ndo lililonikuta mimi, tofauti ni kwamba Gould hakutakiwa kwenda kuupiga tena mbele ya kanisa.

Turudi Nkuhungu.

Studio yangu ni chumba cha pili cha nyumba ya kupanga. Ukutani kuna magodoro mawili ya zamani na mablanketi, mwanzoni kulikuwa na trei za mayai kwa sababu kila mtu aliniambia weka trei za mayai, jamani msipoteze muda wenu, trei ya mayai haizuii sauti kutoka wala kuingia, inapunguza tu kamwangwi kadogo ka juu na kukaribisha mende. Dari hakuna, juu ni bati. Bati la Dodoma lina ratiba yake, saa nne asubuhi jua likianza kuchoma linaanza kulia ta! ta! linatanuka, jioni likipoa linalia tena linajikunja, katikati ya hapo ndo una saa zako za kazi ila chumba kinakuwa tanuri na feni huwezi kuwasha kwa sababu maiki ni kondensa, inasikia mpaka saa ya ukutani. Mvua ikinyesha hufanyi kitu, unafunga laptopu unapika chai. Mwezi wa saba upepo. Na mwaka mzima, jogoo wa jirani.

Mama Solo alikuja Jumanne akaimba teki tano. Sauti nzuri, imetulia, imeshiba, ila mistari ya mwisho ilikuwa na uoga fulani wa mtu anayesoma karatasi. Tukakubaliana arudi Alhamisi. Alhamisi akaja amechangamka, kaniletea na zabibu kwenye mfuko, akala kidogo akaanza kukohoakohoa, akanywa maji ya uvuguvugu, akaimba teki sita. Jumla kumi na moja. Huo ndo ujinga wa kwanza, teki nyingi mno, siku hizi nikifika sita naacha, maana baada ya hapo koo limechoka na masikio yangu yamechoka na unaanza kupenda kitu kwa sababu tu ni kipya.

Ujinga wa pili ni kwamba Alhamisi alisimama karibu zaidi na maiki. Maiki za aina hii ukizikaribia besi inaongezeka yenyewe, kwa hiyo nilipoweka mstari wa Jumanne na wa Alhamisi pamoja ilikuwa kama mama na dada yake mkubwa wanapokezana. Nilikaa usiku mzima napunguza besi za Alhamisi. Sasa hivi nina tepu ya karatasi sakafuni, nimechora miguu, mtu akija siku ya pili anasimama kwenye nyayo zake mwenyewe. Wateja wanacheka ila wanasimama.

Basi nikaanza kukompu. Njia yangu ni hii, natoa mashairi kwenye karatasi, nasikiliza teki moja moja na kalamu mkononi, naweka vema, naweka kosa, naweka kiulizo, afu natafuta teki moja ambayo nikiisikiliza yote naamini anayoyasema. Hiyo naiita teki mama. Sio lazima iwe safi. Ikiwa na noti mbili zimepinda haina neno, nitaziba. Ila hadithi iwe imetoka kinywa kimoja, siku moja, kwa sababu ukiokota mstari mmojammoja uliokuwa bora kwenye teki kumi na moja unapata mtu ambaye kila sentensi anaisema kama ndo sentensi ya mwisho ya maisha yake. Hakuna binadamu anaongea hivo isipokuwa wagombea.

Kwenye kuunga kwenyewe, Kiswahili ni lugha ya ajabu kidogo na sijawahi kuona video yoyote ya kufundisha inayolisema hili kwa sababu video zote zinafundisha kwa nyimbo za Kiingereza. Wao maneno yao mengi yanaishia na konsonanti, anaimba "heart" pale kwenye t kuna kaukimya, unakata hapo, umemaliza. Sisi karibu kila neno linaisha na irabu, na mwimbaji akivuta anavuta irabu, neno linalofuata likianza na irabu pia umekwisha, huna pa kujificha. Rafiki yako ni k, t, p na ch, kwa sababu kabla hazijalipuka mdomo unafunga kidogo na panakuwa na ukimya wa kufumba na kufumbua, kata hapo hata mchawi hakuoni. S na sh na f nazo nzuri, ni upepo mtupu, upepo wa Jumanne na upepo wa Alhamisi unafanana. Ila m na n na ng' kaa nazo mbali, zinavuma, zina noti yake ndani, ukiunga katikati ya "mvua" na noti hazilingani hata kidogo tu inasikika kama mtu kajikwaa. B yetu nayo inadanganya, unaona imefunga mdomo unadhani kimya, kumbe ndani inanguruma.

Na ukikata ovyo pale wimbi la sauti liko juu unapata mlio wa tik. Ukiusikia mara moja hutausahau, unausikia hadi usingizini. Kata pale wimbi linapopita sifuri, weka krosifedi ya milisekunde tano mpaka ishirini, basi.

Sasa "langu" na "ikapita". "Langu" nzuri kuliko zote ilikuwa teki ya 3, ya Jumanne. "Ikapita kwa jirani" nzuri kuliko zote ilikuwa teki ya 9, ya Alhamisi, pale alikuwa anatabasamu unasikia kabisa tabasamu kwenye sauti, kama mtu ambaye kweli mvua imemruka na hana kinyongo. Lakini kabla ya "ikapita" kulikuwa na pumzi, anavuta hewa hhh, na ndani ya pumzi ile ile, jogoo. Sio kabla, sio baada. Kawika palepale mama anapovuta hewa, kana kwamba walipanga.

Nikakata pumzi na jogoo wake.

Likabaki shimo. Mapigo mawili ya kimya kabisa, na kimya cha kompyuta sio kimya cha chumbani, ni kama mtu kazima dunia. Ningeweza kuchukua pumzi ya teki nyingine nikaiweka pale, ndo ningefanya leo. Ila wakati ule mi nilikuwa na ugonjwa ambao maprodyuza wengi wachanga wanao, ugonjwa wa kufuta pumzi. Nilishazifuta karibu zote kwenye wimbo, niliona ni uchafu. Kwa hiyo badala ya kuirudisha nikachukua mkia wa "langu" nikauvuta. Wimbo unakwenda mapigo 72 kwa dakika, "langu" aliimba mapigo mawili, mi nikaifanya minne, ikafika hadi mlangoni kwa "ikapita", nikaunga u na i, irabu kwa irabu, mahali pagumu kuliko pote, krosifedi milisekunde ishirini. Nikabonyeza pleyi. Daah. Ilipita kama mafuta. Nilisimama nikazunguka chumba peke yangu saa nane usiku najipongeza.

Na kweli ilikuwa nzuri! Sitaki kujifanya hapa kwamba ilikuwa mbaya. Ile dada aliyesisimka mwili alisisimkia kiungo changu. Ila nilikuwa nimempa mama wa miaka hamsini na kitu sentensi ya mapumzi mawili aiimbe kwa pumzi moja, sekunde karibu mbili zaidi ya alizowahi kuzishika, na yeye mwenyewe, hili ndo liliniuma nilipoambiwa baadaye, alikuwa amekaa nyumbani na simu anasikiliza rekodi ili ajifunze namna alivyoimba. Anajifunza kwake mwenyewe. Alidhani siku ile kwangu aliweza, na sasa uzee umemwingia ghafla hawezi tena.

Huwa watu wananiuliza, mwanafunzi mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekuwa anakuja kurekodi rapu ndo alinibana sana, kwamba huku kuunga si udanganyifu? Mi jibu langu siku zote ni kwamba nenda kamuulize fundi picha alipiga picha ngapi za harusi yako kabla ya ile uliyoitundika ukutani. Kila neno aliimba yeye. Mi sijamwongezea noti. Ototyuni ambayo ipo tangu 1997 ndo inamhamisha mtu noti kwa nguvu, na asilimia kubwa ya wanaokimbilia ototyuni walikuwa na teki nzuri imekaa palepale hawakuisikiliza tu. Lakini baada ya Jumapili ile nikikaa mwenyewe swali linarudi kwa sura nyingine. "Langu" ya mapigo manne hakuimba yeye. Niliivuta mimi. Hapo sina la fundi picha.

Kuna nyimbo nyingine hazikompiki kabisa, na afadhali nilijifunza mapema. Alikuja mzee mmoja wa zeze kutoka vijiji vya huko Chamwino, kaletwa na mjukuu wake. Zeze la Kigogo kama hujawahi kulisikia kwa karibu, lina msuguano fulani kama mtu anaongea na meno yamefungwa, na anaimba juu yake, na miguu ina njuga. Dunia ilimjua Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyekuwa Bagamoyo, na ilimba lake, lile sanduku la vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na ile sauti inayoshuka chini kabisa na kupanda juu kabisa, akarekodi hadi kwa wale Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, alifariki 2003. Basi mi nilimwamkia mzee mbukwa, salamu ya Kigogo, nikamwekea maiki, na kwa akili zangu za studio nikamwambia babu tutaimba mara tatu afu nitachagua. Akasema sawa. Akapiga mara ya kwanza dakika sita. Mara ya pili dakika tisa. Kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo masikioni, hataki, hedifoni kaweka mezani. Spidi inapanda anavyopasha moto, nyuzi zinalegea kwa joto la bati, kii inashuka kidogo kidogo. Nikasema haidhuru. Mara ya tatu ikawa tamu ajabu, nikawa natingisha kichwa, mjukuu anacheka mpaka anashika tumbo, nikamuuliza unacheka nini, akaniambia babu anakuimba wewe, anasema kijana wa mashine kanikalisha kwenye joto tangu asubuhi na soda hajaleta.

Utaunga wapi hapo. Kila teki ni wimbo mwingine. Nikaenda kununua soda, nikatoa ya tatu vilevile ilivyo, na jina langu ndani.

Na wale wa zamani wa bendi, waliokuwa wanarekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima chumba kimoja wanapiga pamoja na mashine inazunguka, mtu wa tarumbeta akikosea dakika ya tano mnaanza upya wote na mnamwangalia. Sitamani maisha yale, niseme ukweli, lakini nilipokuwa nasikiliza nyimbo zile kwa masikio ya kikazi niligundua pumzi zipo. Unasikia mtu anavuta hewa kabla ya beti. Na pumzi inakuambia mstari unaokuja utakuwaje, pumzi fupi ya haraka mstari wa hasira, pumzi ndefu mstari mrefu, pumzi ya puani mtu anajizuia. Ndo maana siku hizi nikihamisha mstari kutoka teki moja kwenda nyingine nahama na pumzi yake, pumzi ni ya mstari unaofuata, sio ya uliopita. Ukimwekea mtu pumzi fupi afu akaimba mstari mrefu msikilizaji hajui kasoro ni nini ila anakaa vibaya kwenye kiti.

Ile Jumapili jioni nilikaa nikatengeneza upya. Nikarudisha "langu" kwenye mapigo yake mawili, nikatafuta pumzi kwenye teki ya 8, ilikuwa siku moja na teki ya 9 na haikuwa na jogoo, nikaiweka. Nikazirudisha na zile nyingine nilizofuta, sio zote, zile zenye kazi. Wimbo ukawa mwingine, mtu yupo chumbani. Nikaweka kwenye flashi nikampelekea Mama Solo kwake, nikamkuta anapepeta uwele uani, akafuta mikono na kitenge akasikiliza kwenye simu hadi mwisho.

Akasema ni nzuri mwanangu. Afu akasema lakini watu wanaipenda ile.

Nikamwambia mama, ile huwezi kuiimba, hakuna anayeweza, ile ni ya mashine. Akasema najua. Akarudia kupepeta kidogo, akaniuliza, pale ulipounga, "langu" ni ya siku gani? Nikamwambia Jumanne. Na "ikapita"? Alhamisi. Akacheka sana, akasema kumbe ndo maana, ni watu wawili. Hakuongeza kitu, akanifungia na uwele kidogo niondoke nao.

Wiki tatu baadaye nikarudi kanisani, benchi lilelile la nyuma. Wimbo ukaanza, nikaanza kutoka jasho mikononi kama mi ndo naimba. Wakafika "nilingoja mvua ipige bati langu", na Mama Solo akaivuta "langu", pigo la kwanza, la pili, na nikaona binti mmoja wa sauti ya pili, mstari wa nyuma, mwembamba hivi, sijawahi hata kumrekodi, anafungua mdomo taratibu na kuingia chini ya noti ileile, laini kabisa, inakua wakati ya Mama Solo inafifia. Krosifedi. Mapigo mawili ya mwisho yote yalikuwa ya yule binti. Mama Solo akainamisha kichwa kana kwamba anaomba, mabega yakapanda, akavuta hewa yake yote, afu akainuka anatabasamu.

"Ikapita kwa jirani."

Hakuna aliyegeuka kumtazama yule binti. Dada wa mbele yangu alikuwa anajisugua mikono, vinyweleo vimemsimama.